Kiti cha Ezekieli

Asubuhi ile mimi na mdogo wangu Elina tulikuwa barazani kwake, Kitandililo, tunachambua maharage. Jua lilikuwa limetoka lakini halina kazi yoyote, jua la mwezi wa saba la huku kwetu. Linakutazama tu kama mgeni aliyekuja msibani mikono mitupu. Elina alichambua hovyo. Mawe aliyaweka kwenye sufuria, maharage akawatupia kuku.

"Wewe," nikamwambia, "unataka tufe bila meno?"

Tangu amzike Ezekieli, Elina alikuwa anajibu akitaka.

Niseme kwanza Ezekieli alikuwa nani, maana watu wa siku hizi wanasimulia mambo kuanzia mkiani. Alikuwa mtoto pekee aliyembakia Elina. Waliomtangulia walikufa wangali wananyonya. Huyu akakua, akawa mrefu wa kuinama mlangoni, akanunua gari dogo la mgongo mrefu, yale wanayopakia watu kama viazi, akawa anabeba abiria kati ya Makambako na Njombe. Hakuwa malaika. Alikuwa na kelele, na chakula akikipika mwenyewe hakiliki. Lakini jioni akifika kona ya nyumbani alipiga honi mbili fupi, pi-pii, ili mama yake aweke maji ya chai jikoni. Hata siku waliyogombana alipiga.

Akafa wakati wa mvua. Lori la mbao lilikuwa limeharibika kwenye kona ya miti ya paini, njia ya kutoka Njombe. Ukungu mzito, na wenye lori hawakuweka taa wala hata tawi la kuonya watu. Ezekieli akaingia chini yake. Wanaume waliomwosha hawakugusa chakula siku ile. Inatosha.

Sasa, ukoo wetu una jambo lake. Sisemi Wabena wote, nasema ukoo wetu. Mtu akifia njiani, mwili mnauzika, lakini yeye mwenyewe mnakuwa mmemwacha palepale. Amesimama kando ya barabara, anashangaa, hajui kimetokea nini. Basi aliyemzaa lazima aende pale, amwite kwa jina la utotoni, amwambie twende nyumbani. Na mnaporudi mnamwachia nafasi. Zamani walitembea kwa miguu, mmoja huku, mwingine kule, katikati wazi. Siku hizi ni gari, na kiti kimoja kinabaki kitupu. Huweki mtu, huweki hata kikapu. Mkifika, aliyemwita anamwambia shuka, anamtangulia hadi kaburini, anamwaga udongo wa pale alipofia. Imekwisha. Hakuna mganga wala kuku mweusi. Wachungaji wanajua, na siku hiyo wanakuwa na safari zao nyingine.

Tulikwenda na gari la Hilario. Hilario ni mtoto wa marehemu kaka yetu, naye ni dereva wa abiria. Yeye na Ezekieli walinunua magari ya aina moja, rangi ndiyo mbalimbali, na walikuwa wakiitana pacha. Elina akaita pale kwenye kona. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Akachota udongo kwenye khanga. Tukarudi, sisi wawili tumekaa nyuma, kiti cha mbele cha kushoto kitupu.

Mvua ikaanza. Mbele kidogo kulikuwa na mwanamke kando ya barabara, mtoto mgongoni, amelowa chapachapa, anapunga mkono.

Hilario akasimama.

"Hilario!" nikasema. "Una wazimu?"

"Shangazi, ana mtoto. Na mvua hii."

Sijui nimlaumu vipi. Dereva wa abiria kiti kitupu kinamuuma kama jino, na hapo hapo huruma ikamshika. Mguu ulikanyaga breki kabla kichwa hakijaulizwa. Mwanamke akaingia, akakaa. Elina alikuwa amejifunika khanga analia. Akaifunua, akakitazama kile kiti, akaifunika tena.

Yule mtoto alilia njia nzima. Alilia mpaka sauti ikamkauka, amegeuza uso nyuma, anatazama kioo cha nyuma na barabara tuliyoiacha. Mama yake aliposhuka, akanyamaza kama mtu aliyekatwa na kisu.

Tulifika nyumbani. Elina akafungua mlango wa mbele, akasema shuka, akatembea hadi kaburini, akamwaga udongo. Alipoinuka akanitazama.

"Dada," akaninong'oneza, "nimetangulia peke yangu."

Tangu siku hiyo hakuweza kulala. Mvua ikinyesha anasema Ezekieli analowa kwenye kona. Nyumba zetu zimetenganishwa na shamba moja la mahindi tu, na tangu utoto Elina hajawahi kwenda popote bila kunipitia. Anakuja, anagonga mlango wangu kwa ncha ya fimbo yake, mara moja tu, kisha anasubiri nje. Sasa alianza kunigongea kila kukicha. "Nisindikize kwenye kona." Namwambia rudi ndani, kuna baridi. Anasema, "Na yeye je?" Na jambo hilo halirudiwi hivihivi. Aliyemwita lazima arudi na gari lilelile, na gari la Hilario halikuwa na nafasi. Lilikuwa kazini kutwa, mpaka siku giaboksi ilipokufa likalala.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa Elina asubuhi ya maharage, Hilario alipokuja na bodaboda. Alishuka akasimama mbele yetu anakunja kofia yake.

"Kamwene, Shangazi."

"Kamwene. Kaa."

Hakukaa. "Gari limekataa kuwaka."

"Sisi ni betri?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Akasema giaboksi imebadilishwa, Fundi Abrahamu wa Makambako amempatia nyingine iliyotumika, imefungwa vizuri, na tangu ifungwe gari haliwaki. Abrahamu ameshughulika nalo mpaka amechoka. Sasa watu pale gereji wanasema hiyo si kazi ya spana. Wanasema kuna mkono wa mtu.

"Mtu gani?"

Akatazama chini. Macho yake yalipoinuka yakaenda kwa Elina, yakakimbia.

Nikaelewa. Mwanamke amepoteza mtoto, mpwa wake yu hai na gari lake linatembea, basi lazima atakuwa na kijicho. Isitoshe ana macho mekundu. Kila bibi wa huku ana macho mekundu, tunapika kwa kuni za mlingoti, yaani mkaratusi, zenye moshi wa kutosha kufukuza nyuki, lakini nyinyi mkiona macho mekundu mnaona uchawi. Nilimwambia Hilario maneno ambayo nikiyaandika hapa karatasi itajikunja.

Elina akaweka sufuria chini.

"Hiyo giaboksi," akasema, "imetoka wapi?"

"Sijui, Shangazi. Abrahamu aliileta."

"Nipeleke nikaione."

Gereji ya Abrahamu ni uwanja tu wenye matope meusi ya oili, nyuma ya maduka. Tulipofika watu wakageuza shingo. Mama mmoja muuza chai akamwambia mwenzake "ndiye huyo," akidhani sisi wazee hatusikii. Nikamwambia, "Ndiye. Na mimi ni dada yake, tuandike sote wawili." Akainamia birika lake.

Abrahamu ni mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa na mengi zaidi kwa sababu aliaibika.

"Mama zangu, msiseme Abrahamu hajui kazi. Betri nimeweka mpya. Stata nimeitoa, nimeijaribu chini hapa, inazunguka inataka kuniponyoka. Waya wa ethi, ule wa kutoka giaboksi kwenda kwenye bodi, ambao vijana wanausahau kuurudisha, nimeufunga kwa mkono wangu, nimekwangua na kutu. Swichi ya nyutro nimeibadilisha."

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Ni kadude kanakaa ubavuni mwa giaboksi, Mama. Gari la otomatiki halipigi stata mpaka liambiwe kwamba gia haimo. Swichi ndiyo inayoliambia. Ikidanganya, gari linagoma. Sasa mimi hata hiyo swichi nimeiruka kwa waya. Bado linagoma. Na la otomatiki hata mlisukume mpaka Iringa haliwaki. Tazameni wenyewe."

Akaingia kukaa kiti cha mbele cha kushoto, kama kila mara alipolijaribu, macho kwenye taa za dashibodi. Hilario yuko kwenye usukani.

"Piga stata."

Hilario akazungusha ufunguo. Taa zikawaka zote, nzuri, kali. Halafu kimya. Hata kale kamlio kadogo ka stata kujaribu, hakuna. Kimya cha kitu kinachokusikia na hakitaki kukujibu.

"Umeona?" Abrahamu akasema. "Betri ipo. Umeme upo. Kila kitu kipo."

Wakati anasema hayo, Elina alikuwa ameshapiga magoti kwenye matope. Mwanamke wa umri ule, na kiuno kile. Akalala chali, akajisukuma chini ya gari. Nikamwita. Niliona tu miguu yake, viatu vya plastiki, na fimbo yake imelala pembeni.

Kisha miguu ikaacha kusogea.

"Elina?"

Alipotoka, mkono wake ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo. Muuza chai akapiga kelele. Abrahamu akasema si damu, ni oili. Giaboksi za namna hii oili yake ni nyekundu, ukiimwaga chini utadhani mmechinja. Ila yeye mwenyewe akachungulia chini ya gari, akainuka amekunja uso.

"Mbona pakavu? Haivuji popote."

Elina alinivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Kuna mistari miwili ya rangi ya kucha," akanong'ona. "Ni ya Ezekieli."

Madereva wa huku hawawaamini mafundi. Ukiacha gari gereji, kifaa kizima kinatoka na kibovu kinaingia. Kwa hiyo kila mmoja ana alama yake anayoweka kwenye vyuma vyake. Ya Ezekieli ilikuwa mistari miwili ya rangi ya kucha ya zambarau. Kichupa alimwibia mchumba wake Jeni, wakanuniana wiki nzima. Baada ya ajali wazee wa ukoo waliliuza lile gari kama chuma chakavu, hakuna aliyetaka kuliona. Likakatwakatwa. Moyo wa lile gari ukazunguka kwenye mikono ya watu mpaka ukarudi kwa pacha wake.

Hilario nilipomwambia, alishika usukani kwa mikono miwili, machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Elina akajifuta mkono kwenye gauni. Akamtazama Abrahamu aliyekuwa amerudi kukaa.

"Baba," akamwambia kwa upole, "hebu shuka kwenye hicho kiti."

"Kwa nini, Mama?"

"Shuka tu."

Abrahamu akashuka.

"Hilario, washa."

Likawaka. Mara moja. Likanguruma kama lililotoka dukani.

Watu wakapiga makofi. Abrahamu akacheka sana, akasema, "Waya! Kuna waya chini ya kiti, nikikaa naubana!" Akapanda kurudi. Makalio yalipogusa kiti, gari likazima. Akashuka. Hilario akawasha, likawaka. Akaweka mfuko wa spana pale kitini. Likazima. Akaacha kucheka. Akafungua kiti kizima, akakitoa nje, akapekua chini yake. Hapakuwa na waya. Kulikuwa na bati tupu. Akakirudisha. Akamkalisha Hilario pale, yeye akaenda mbele chini ya boneti, akachukua bisibisi akapiga shoti stata yenyewe, umeme wa betri moja kwa moja. Hata cheche haikutoka.

"Shuka," akamwambia Hilario. Sauti imebadilika.

Hilario akashuka. Akagusisha bisibisi. Likawaka.

Abrahamu akafunga boneti polepole. Akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu. Aliporudi hakututazama.

"Mama zangu," akasema, "lichukueni."

Tulikwenda siku ileile. Hatukurudi hata nyumbani kubadilisha nguo. Elina alikaa nyuma ya kiti kitupu, mimi pembeni yake, Hilario anaendesha. Nilimuuliza Elina, "Sasa yuko wapi? Kwenye kona au humu ndani?" Akasema, "Anasubiri nafasi yake. Popote alipo, anasubiri hiyo."

Ukungu ulianza kushuka tukiwa njiani. Tulipofika kwenye kona ulikuwa umekaa. Miti ya paini haikuonekana, ilisikika tu inadondosha maji. Elina akashuka na fimbo yake. Akasimama kando ya lami. Akaita lile jina.

Mara ya kwanza hakuita vile. Mara ya kwanza aliita kama mtu anayefanya taratibu ya msiba. Safari hii aliita kama mtu aliyepika na chakula kinapoa.

"Twende nyumbani," akasema. "Nafasi ipo. Nimeiangalia mwenyewe."

Akafungua mlango wa mbele, akangoja.

Gari likainama upande wa kushoto. Kidogo. Kama linavyoinama mtu mrefu anapopanda.

Elina akafunga mlango.

Hilario aliendesha bila kugeuza shingo. Kioo cha mlango wa mbele kilianza kupata mvuke kwa ndani. Si chote. Mahali pamoja, mviringo mdogo, palipo na mdomo wa mtu aliyekaa. Unakuja, unaondoka. Unakuja, unaondoka. Watu walikuwa barabarani wanapunga mikono, wengine na watoto. Hilario akawapita wote, analia, anasema "nisameheni" chinichini, sijui alikuwa anamwambia nani.

Nilikaza macho kwenye kile kiti. Sponji lilikuwa limebonyea.

Tukaingia Kitandililo. Tukafika kona ya nyumbani. Mikono ya Hilario yote miwili ilikuwa pembeni mwa usukani, niliiona kwa macho yangu.

Honi ikalia. Pi-pii.

Elina akajifunika mdomo. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha msichana, na mimi sikuwa nimekisikia tangu mvua.

Tukasimama uani. Elina akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa mbele. Hapo ndipo alipokwama. Alisimama ameshika mlango, mdomo wazi, neno halitoki. Nilijua kwa nini. Akishasema shuka, anamtangulia kaburini, na kaburini wanaachana. Amzike mara ya pili, mtoto yuleyule.

"Elina," nikasema taratibu. "Mwambie."

"Shuka, mwanangu," akasema. "Tumefika."

Gari likainuka.

Akatangulia. Mwendo wake ulikuwa mdogomdogo, fimbo inatoboa udongo, hakugeuka nyuma. Mimi nikafuata kwa mbali. Nyuma ya jiko njia inagawanyika. Kulia unakwenda kwenye mianzi, kaburi lipo pale. Kushoto unarudi nyumba kubwa, mlango wa uani.

Elina akashika kushoto.

"Elina!" nikanong'ona. Niliogopa kupaza sauti. "Siyo huko!"

Alisimama. Hakunigeukia.

"Kule kuna baridi, dada," akasema. "Udongo bado mbichi."

Akaingia ndani. Nikasikia mlango wa chumba cha Ezekieli unafunguliwa, kisha unafungwa taratibu, kama unavyomfungia mtu aliyechoka na safari.

Kuanzia pale gari lilipokuwa limesimama, mpaka kwenye kizingiti, kulikuwa na matone mekundu. Makubwa kama shilingi ya zamani. Hilario akalala chini akachungulia giaboksi. Kavu.

Tangu siku hiyo gari lilimkubali yeyote, kiti chochote. Hilario alirudi kazini. Maneno ya uchawi yakaisha, watu wa gereji wakapata mwingine wa kumsema. Mtu asiyejua angesema mambo yalitengemaa.

Elina alipika kwa watu wawili. Nilikuja nikakuta sahani ya pili imefunikwa. Nikamwambia chakula hicho wape kuku. Akasema, "Ameshakula." Nikafunua. Kilikuwa kizima, lakini kimeganda kama kilicholala nje kwenye umande.

Nyumba ile ikawa na baridi ambayo moto hauiwezi. Elina akapungua. Mashavu yakaingia ndani. Kila siku kulikuwa na tone jipya jekundu kwenye sakafu, naye hakulifuta. Alilikwepa, kama unavyokwepa kiatu cha mtu.

Kisha kuna ile sauti. Niliisikia siku nilipompelekea uji kukiwa kunapambazuka. Ilitoka kule chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa. Mlio wa stata. Gari linapigwa stata, linazunguka, linazunguka, haliwaki. Linaacha. Linapumzika. Linajaribu tena.

Ndani ya chumba. Kitanda na sanduku tu ndivyo vilivyomo.

"Kila asubuhi," Elina akasema. Alikuwa ameketi sakafuni ameegemea ule mlango, fimbo mapajani. "Saa zake za kwenda kazini."

Nikakaa kando yake.

"Mwache aende, Elina."

"Najua."

"Unamtesa."

"Najua, dada. Nasikia." Akaweka kiganja kwenye mlango. Ule mlio ukakoma, kama mtoto aliyeshikwa kichwa. "Anajaribu kuondoka. Mimi ndiye ninayemshika. Kila siku nasema leo nitampeleka, na kila siku nasema acha anywe chai kwanza."

Chai ilikuwa pale kwenye kikombe cha bati. Ina utando wa barafu juu.

"Nitampeleka," akasema. "Nitamsindikiza mwenyewe. Ila si leo."

Ilipita wiki hivi. Asubuhi moja ya ukungu sikusikia kugongewa mlango kama alivyozoea kila kukicha, nikajua. Nilimkuta palepale, ameegemea, fimbo mkononi, amekufa ametulia. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Matone mekundu yalitoka kitandani, yakampita miguuni, yakatoka nje, yakashika njia ya nyuma ya jiko. Safari hii yalikwenda kulia. Niliyafuata hadi kwenye mianzi. Yaliishia kwenye kaburi la Ezekieli.

Kando ya matone, kwenye udongo wenye umande, kulikuwa na vitundu vidogo vya duara. Vya ncha ya fimbo. Vilikwenda tu. Havikurudi.

Na fimbo ilikuwa ndani, mkononi mwa maiti. Mimi ndiye niliyemfungua vidole.

Tulimzika ubavuni mwa mwanawe. Hilario alilia kama mtoto mdogo, nikamwacha alie. Chumba nilikiosha kwa sabuni na maji ya moto, godoro nikalichoma. Nyumba imepata joto. Hakuna mlio wowote.

Fimbo niliileta kwangu, nikaisimamisha kwenye kona ya jiko, nyuma ya pipa la maji. Ni fimbo nzuri, ya mti mgumu, sikuona sababu ya kuitupa.

Lakini kila ukungu ukishuka, nikiamka siikuti jikoni. Iko nje. Imeegemea mlango wangu, ncha yake imelowa wekundu. Naiosha, naifuta, nairudisha kwenye kona, nafunga komeo. Kabla ya kuamka huwa nasikia kitu kinagonga mlango. Mara moja tu. Kisha kinasubiri.

Elina ni yuleyule, tangu utoto hajui kwenda popote bila kunipitia.

Sifungui. Nalala chali, nakazia macho dari, nasubiri jua litoke hilo lisilo na kazi. Namwambia kimoyomoyo atangulie. Nina maharage hapa ya kuchambua, na sasa nachambua peke yangu.